Mama Mkwe na Nauli ya Bitcoin

Mimi sina subira, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba ninayo. Ndiyo maana mpaka leo najiuliza ilikuwaje kikundi kizima cha wanawake wenye akili zao kikaniamini mimi, si mwingine, nikae na pesa isiyoshikika.

Kikundi chetu kinatengeneza sabuni ya mawese. Tunakutana Ujiji, uani kwa mama mkwe wangu, kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Wengine wanatoka Gungu, wengine Bangwe, na tuna dada wawili ambao wazazi wao walikuja kutoka Burundi zamani wakabaki na mashamba yao huku. Mwenyekiti ni mama mkwe. Mimi ni katibu, na ukatibu wenyewe niliupata kwa sababu mbili tu: naandika haraka, na simu yangu haijapasuka kioo.

Bitcoin ilituingilia hivi. Kuna mama mmoja Mzungu alipita Kigoma kutembea, akanunua sabuni zetu, akazipenda, na aliporudi kwao akaagiza boksi, kisha maboksi. Sabuni zikafika. Pesa sasa ndiyo ikawa kazi. Alituma kwa benki, ikarudi. Akatuma tena, ikarudi imekatwa. Mwisho akaniandikia kwamba angependa kulipa kwa bitcoin, kama naweza kufungua pochi. Nikafungua. Pochi yenyewe si ya kuweka kwenye mkoba, ni programu ya kwenye simu, na ukishaifungua inakupa maneno kumi na mawili ya siri. Ukiyapoteza, pesa imepotea. Ukimpa mtu, pesa ni yake. Nilipowaeleza wenzangu jambo hilo walinitazama kama vile nimewaambia nimemwona mamba anasoma gazeti.

Lakini pesa iliingia, wakaiona kwenye kioo kwa macho yao, wakapiga vigelegele. Tukakaa tukakubaliana inunue mashine ya kukata sabuni, kwa sababu tulikuwa tunakata kwa waya na vipande vyetu havikufanana hata kidogo, kimoja kinene, kingine chembamba kama kaki. Muuzaji tulimpata Dar es Salaam, na yeye akasema bitcoin anapokea bila shida. Mikono yote ikanyooshwa.

Hapo lazima nieleze sheria ya kikundi, maana ndiyo iliyonitesa. Kwetu hata senti haitoki mpaka mikono inyooshwe kwenye kikao. Na ikishanyooshwa, anayetuma ni katibu, mbele ya mwenyekiti. Siku hiyo mvua ilinyesha, mtandao ukakata, tukasubiri mpaka watu wakachoka wakaenda kupika. Nikabaki mimi na mama mkwe barazani. Jioni mtandao ukarudi, nikafungua pochi, nikaweka anwani ya muuzaji, ile ndefu kama sala ya Kilatini, nikaikagua herufi kwa herufi, nikaandika kiasi. Nikafika mahali pa ada.

Mama mkwe hasomi Kiingereza, lakini tarakimu anazisoma kuliko mtu yeyote ninayemjua. Akasogeza kiti.

"Hiyo ni nini?"

"Ni ada, Mama. Nauli ya kuipeleka."

"Wanasema ngapi?"

Nikamwonyesha. Kulikuwa na ya haraka, ya kawaida na ya polepole. Chini yake kulikuwa na kijisanduku ambacho unaweza kuandika ada unayotaka mwenyewe. Laiti ningekificha kwa kidole gumba.

Sasa, nyie hammjui mama mkwe wangu. Pale Katonga wauza samaki wakimwona anakuja kwa mbali wanapandisha bei kwanza, ili akianza kushusha waishie kwenye bei halali. Hajawahi kulipa bei ya kwanza kwa kitu chochote. Nimewahi kumwona anapunguziwa bei ya dawa. Kwake yeye mtu anayetaja bei ya kwanza hajasema bei, ameanza mazungumzo.

"Waambie nusu," akasema.

"Mama, hapa hakuna mtu. Ni mashine."

"Mashine imejuaje bei?"

Nikamgeuzia simu aone mwenyewe kwamba hamna mtu ndani.

"Waambie nusu."

Nikaandika nusu ya ile ya polepole. Maandishi mekundu yakatokea, yanaonya kwamba muamala unaweza kuchelewa. Nikamsomea. Akacheka, cheko la mtu aliyesikia hayo tangu enzi za ukoloni. "Ndivyo wanavyosema wote. Shusha tena."

"Mama, wanasema itachelewa."

"Shusha."

Nikashusha. Nikamwambia tena kwamba mimi naogopa. Akasema hela ya wanawake waliotokwa jasho juu ya masufuria haiwezi kugawiwa ovyo kwa watu wasiojulikana. Nikashusha mpaka kile kijisanduku kikakataa kwenda chini zaidi. Nikabonyeza. Pochi ikasema imetumwa.

"Umeona?" akasema mama mkwe, akakaa sawa kitini. "Wamekubali."

Ijumaa muuzaji akaniandikia kwamba hajapokea kitu. Nikafungua pochi. Imeandikwa: haijathibitishwa. Jumamosi vilevile. Jumapili nimetoka kanisani, haijathibitishwa. Nikaanza matibabu yangu. Nikazima simu nikaiwasha. Nikaitoa laini nikaifuta kwa kanga nikairudisha. Nikapanda bodaboda mpaka kule juu Gungu ambako mtandao ni mzuri, nikainyanyua simu juu, watu wakadhani napiga picha ziwa. Nikajaribu kuituma upya, ikanijibu salio halitoshi. Halitoshi vipi, na ile ya kwanza haijafika?

Kwa hasira nikaenda kwa fundi mmoja wa simu. Akaishika simu yangu, akaigeuzageuza, akaguna kama daktari. Akasema tatizo analiona, ni dogo, nimpe tu yale maneno kumi na mawili atalimaliza nikiwa nimesimama hapohapo. Niliipokonya simu yangu mkononi mwake na nikampa za uso mpaka mteja wake mwingine naye akachukua simu yake akaondoka na mimi.

Jumanne ndipo yule muuzaji wa Dar aliponihurumia, akanipigia. Akanieleza taratibu. Pesa haijapotea, mama. Imetoka kwako ila imepanga foleni, na wale wanaoibeba wanaanza na anayelipa vizuri. Wewe umeweka ada ndogo sana. Kila wakikaribia kukuchukua wanaingia wengine waliolipa zaidi, wewe unasukumwa nyuma. Hata ile chenji iliyobaki kwenye pochi yako imefungwa pamoja na huo mzigo, ndiyo maana huwezi kutuma tena. Akaniambia nibonyeze juu ya ule muamala, nitaona palipoandikwa ongeza ada. Ile nyongeza itatoka kwenye chenji, mzigo utaondoka. Nikaangalia, na kweli palikuwepo. Pamekuwepo siku zote, kitufe kidogo cha bluu, na mimi nilikuwa nakipita nikienda kuzima simu.

Akaongeza kwamba kuna mteja wa Tabora anaiulizia mashine hiyohiyo, na atanishikia mpaka Ijumaa.

Basi dawa nilikuwa nayo mkononi, na siwezi kuinywa. Nyongeza ni pesa ya kikundi, na pesa ya kikundi haitoki bila mikono. Ningebonyeza kimyakimya, historia ya pochi ingeonyesha, maana wanawake wale wanaikagua kila kikao, mmoja baada ya mwingine, kama wanakagua mtoto mchanga. Na nikiomba mikono, wataniuliza kwa nini ada ilikuwa ndogo. Nitajibu nini? Nimtaje mama mkwe, mwenyekiti, uani kwake, mbele ya watu? Kwetu mke wa mtu hafanyi hivyo. Unaweza kununa, unaweza kupika ugali mbichi, lakini kumvua nguo mama wa mume wako hadharani, hapana. Hata watakaokupongeza leo watakuogopa kesho.

Nikamwendea peke yake Jumatano asubuhi. Nikamwamkia shikamoo, tukaulizana habari za watoto, za kuku, za mgongo wake, za shamba, salamu zetu za Kiha zile ambazo mgeni anaweza kudhani ndiyo kikao chenyewe. Kisha nikamweleza yote, foleni na nyongeza na mteja wa Tabora.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Subiri. Watashuka wenyewe."

"Mama, hawashuki. Hakuna mtu."

"Ukiongeza sasa watajua una shida. Nyamaza, geuka, ondoka. Watakuita."

Nilirudi nyumbani damu inachemka. Mume wangu alikuwa anapiga pasi shati lake. Nikamwambia, aende akaongee na mama yake. Akasema, "Si umwambie tu wewe, mnaelewana." Nikamuuliza tunaelewana tangu lini. Akakumbuka kwamba pikipiki ina pancha. Pikipiki haikuwa na pancha. Aliisukuma mpaka barabarani, maskini, ili nisisikie mlio wa mtu anayekimbia.

Alhamisi ikafika. Kikao kilijaa, hata wale ambao hutuma udhuru walikuja. Tunaye mwenzetu mmoja wa Bangwe, mama wa vitumbua, sauti yake haihitaji kipaza sauti, na uenyekiti ameutamani tangu kikundi kizaliwe. Hakusubiri hata ajenda.

"Katibu, tunaomba kuuliza. Pesa imetoka kwetu?"

"Imetoka."

"Imefika kwake?"

"Bado."

"Iko wapi?"

"Iko njiani."

"Njia ipi?" Akawageukia wenzake. "Hata treni ikichelewa tunaambiwa iko Uvinza, iko Kaliua. Hii yetu iko stesheni gani?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, kwa sababu swali lilikuwa zuri. Kisha nikaona kwamba nimecheka peke yangu kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Mmoja akasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba nywele zangu zimependeza, nimesuka lini? Mwingine akasema mume wangu ameonekana anasukuma pikipiki kama mtu anayetaka kuuza ya zamani anunue mpya. Wale dada wawili wa Kirundi waliinamisha vichwa. Nikaelewa hapo kwamba hawanitanii. Wanawake niliokoroga nao mafuta, nikachoma nao mikono, waliamini nimewalia hela zao. Iliniuma. Nimewahi kuitwa mkali, nimewahi kuitwa mdomo, na yote ni kweli, lakini mwizi sijawahi kuitwa.

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa kwenye kiti chake cha mwenyekiti anawaangalia bata wake.

Nikasimama. Nikasema pesa haijaliwa, imepanga foleni, na imepanga nyuma kwa sababu nauli ilikuwa ndogo. Nikasema naomba wanyooshe mikono tuongeze nauli kutoka kwenye chenji, na itaondoka.

"Ndogo kwa nini?" akauliza mama wa vitumbua.

"Niliandika ndogo."

"Simu haikukuonya?"

"Ilinionya."

"Ukaonywa, ukaandika ndogo, na sasa unataka nyingine." Alisema polepole ili kila mtu apate nafasi ya kulimeza. "Kwa nini uliandika ndogo, Katibu? Mtu mzima na akili zako. Kuna sababu?"

Sababu ilikuwa imekaa hatua chache kutoka nilipo, imevaa kitenge kipya. Ulimi ulikuwa unaniwasha. Haki ya Mungu, ningelisema lote kwa pumzi moja na ningelisema vizuri. Nikasema, "Hakuna sababu."

Basi. Kwetu mwanachama anayeshtakiwa anatoka kwenye benchi anakaa kwenye mkeka katikati. Nikavua ndala nikakaa. Mama wa vitumbua akapendekeza nisimamishwe ukatibu na simu yangu ifungiwe kwenye sanduku la kikundi, lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu, mpaka pesa ionekane. Mtu akauliza, na ikiita je? Wakabishana kidogo juu ya hilo. Wengine walisema wenye funguo wote watatu wataitwa waifungue, nami niipokee palepale mbele yao. Mimi nilikuwa mkekani nautazama ukili, najiambia ukilia leo utajichukia mpaka uzeeni.

Nikasikia magoti yanalia. Magoti ya mama mkwe yanalia akisimama, ukoo mzima unayajua. Nilidhani anakuja kupiga kura. Akavua ndala zake, akazipanga vizuri pembeni ya zangu, akajishusha akakaa mkekani, bega lake kwenye bega langu.

Wenye funguo watatu wakatazamana.

"Mwenyekiti," akasema mama wa vitumbua, "huko si mahali pako."

"Ndipo penyewe," akasema mama mkwe. "Nauli nilishusha mimi. Huyu alinikataza, nikamlazimisha. Alinikataza tena, nikamlazimisha. Jana kaja kunieleza, nikamkatalia. Kidole kilikuwa chake, mdomo ulikuwa wangu. Mwandikeni faini aliyekosa, na huyu mwacheni ainuke."

Hakuna aliyejua la kufanya. Hatujawahi kumtoza faini mwenyekiti, na anayetoza faini ni mwenyekiti. Mama wa vitumbua ndiye aliyetatua. Alisema kikao hakiwezi kwenda bila kichwa, akaenda akakaa kwenye kile kiti, taratibu, akijaribu mgongo wake, na sijamwona tena akiwa na furaha kama ile. Kutoka pale juu akamtoza mama mkwe faini ya kawaida, na akamkataza kupatana bei kwa jina la kikundi mpaka mwaka uishe. Hiyo ya pili ilimuuma kuliko ya kwanza. Nilihisi bega likishtuka.

Mikono ikanyooshwa. Nikafungua pochi, nikabonyeza juu ya muamala, nikagusa kitufe cha bluu. Zikatokea ada tena. Nikazisoma kwa sauti. Mmoja wa kule nyuma akaanza kusema, kwani hawawezi kutufikiria kidogo, na kikundi kizima kikamgeukia mpaka akajifanya anakohoa. Tukachagua ya haraka. Nikabonyeza.

Hakuna aliyeondoka. Waliokuwa na sufuria nyumbani walipiga simu watoto waondoe maharage motoni. Simu yangu tuliiweka juu ya stuli katikati ya uani tukaizunguka. Dada mmoja wa Kirundi alisali, akasema sala haidhuru kitu. Kila baada ya muda mtu anauliza vipi, namjibu bado, na mimi mwenyewe naomba Mungu ndani kwa ndani, maana kama nimekosea na hii, hakuna mkeka utakaonitosha. Chai ikachemshwa ikanywewa. Kisha kioo kikawaka: imethibitishwa. Nikawaonyesha, mmoja baada ya mwingine, wakaligusa neno lile kwa kidole. Muda si mrefu muuzaji naye akaandika kwamba ameiona, mashine ataipakia kwenye treni kesho asubuhi.

Walipiga vigelegele. Waliniomba radhi pia, kila mmoja kwa namna yake. Yule aliyezisifia nywele zangu alizisifia upya, safari hii kwa moyo. Mama wa vitumbua hakuniomba radhi, ila alinifungia vitumbua vya watoto, na mimi nilivipokea hivyohivyo kama maneno.

Wakati wa kuondoka mama mkwe akasema ananisindikiza mpaka barabarani. Tangu niolewe hajawahi kunisindikiza. Huwa anasema kwaheri akiwa ameketi. Tulitembea mpaka tukapita nyumba za mwisho, yeye mbele kidogo, mimi nyuma, kama inavyopasa.

"Kwa nini hukunitaja?" akauliza bila kugeuka.

"Ningekutajaje, Mama, mbele za watu?"

"Nilikuwa nakusubiri unitaje." Alipunguza mwendo mpaka nikamfikia. "Maneno nilishayapanga tangu jana. Nilikuwa niseme unanisingizia. Niseme tangu umekuja kwetu hunipendi, pesa umekula, na sasa unatafuta pa kutupia lawama. Nimekaa pale nakungoja uanze tu. Hukuanza. Ukaenda kukaa mkekani. Yale maneno yakanikaa mdomoni, nikakosa pa kuyatema."

Nilisimama. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, ile ya kweli, nikamtazama mwanamke huyu aliyenizalia mume, mfupi, magoti mabovu, anaangalia chini mavumbini.

"Ungenikana kweli, Mama?"

"Ningekukana vizuri sana," akasema. "Na wangeniamini mimi."

Nilijua ni kweli, na nilijua kwamba hakuwa amelazimika kuniambia. Nilimshika mkono, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niolewe, na yeye hakuutoa.